Kibodi kuukuu iuzwe, fedha ndiyo isafiri

*Mafundi wa kujitolea Ulaya na Marekani wanafufua kibodi za miaka ya 1980, wanaziuza na kutoa fedha kwa wahitaji. Sisi tunaopokea misaada ya vifaa tuna la kujifunza hapo.*

Geuza kibodi ya IBM aina ya Model M, mgongo uwe juu, na utakuta kikaratasi kilichobandikwa hapo. Kimeandikwa namba ya bidhaa, namba ya kiwanda na tarehe kamili ya kutengenezwa. Wanaokusanya vifaa hivi hukiita cheti cha kuzaliwa. Ukisoma vyeti vya namna hiyo utakutana na 1986, 1989, 1993. Kompyuta nyingi zilizonunuliwa pamoja na kibodi hizo zilishasagwa au kuozea jalalani zamani, lakini kibodi zenyewe, zikipata fundi mwenye subira, zinaandika leo kama zilivyoandika siku zilipotoka kiwandani.

Kwa sababu hiyo zina wanunuzi. Marekani, Uingereza na Ujerumani wapo watu wasiotaka kuandikia kitu kingine chochote, na wako tayari kulipa makumi ya dola kwa kibodi ya kawaida iliyokarabatiwa vizuri, na mamia kwa toleo adimu. Penye wanunuzi wa aina hiyo wamejitokeza pia watoaji. Fundi anayefanya kazi nyingine mchana anaokota kibodi chafu kwenye stoo ya ofisi au duka la mitumba, anaifungua jioni, anaisafisha, anaitengeneza, kisha anaiuza na kukabidhi fedha yote kwa hospitali ya watoto au shule isiyo na vifaa. Mshahara wake haujaguswa. Alichotoa ni saa zake na ustadi wa mikono yake.

Nalifuatilia jambo hili kwa moyo wote kwa sababu linatuhusu kuliko tunavyodhani. Afrika Mashariki imepokea vifaa vya kompyuta kama msaada kwa zaidi ya miaka 20. Vingine vimejenga maabara za shule na kubadili maisha ya watoto. Vingine vimejaza stoo. Kibodi hizi kuukuu zinatuonyesha njia nyingine ya kusaidia: kitu cha zamani kiuzwe pale kinapopendwa, na fedha ndiyo ivuke bahari.

Springi inayopinda

Uzee peke yake hauleti thamani. Vitu vingi vya mwaka 1987 ni takataka tu. Kibodi hizi zinapendwa kwa jinsi zilivyoundwa, na mnunuzi anajua hasa anacholipia.

Chini ya kila kitufe cha Model M kuna springi moja nyembamba iliyosimama wima ndani ya kibomba cha plastiki. Ukibonyeza, springi inabanwa na kukisukuma kidole chako kirudi juu. Ikifika kikomo cha kuvumilia, inapinda ghafla upande mmoja na kugonga ukuta wa kibomba, na papo hapo inakilaza kinyundo kidogo cha plastiki ilichosimama juu yake. Kinyundo hicho kinabana utando wa tabaka tatu. Tabaka ya juu na ya chini zimechorwa njia za umeme, na ya kati ina matundu. Njia zikigusana kupitia tundu, herufi imeandikwa.

Ladha yote iko hapo. Mlio unaousikia, mshtuko mdogo unaouhisi kidoleni na herufi inayotokea kwenye skrini vimezaliwa na tukio moja. Kidole kinajua kazi imekamilika hata kabla kitufe hakijafika chini, na jicho halina haja ya kuhakikisha. Kibodi nyingi za bei rahisi za leo zina vikombe vya mpira chini ya vitufe. Mpira ukizeeka unakuwa mgumu au unalegea, na mwandishi anabaki kubonyeza kwa kubahatisha.

Hataza ya springi inayopinda ilitolewa Marekani mwaka 1978 kwa jina la mhandisi wa IBM, Richard Hunter Harris. Kibodi za mwanzo zilizoitumia, ambazo wakusanyaji wanaziita Model F, zilikuja mwaka 1981, mwaka ule ule wa kompyuta binafsi ya kwanza ya IBM. Zilikuwa imara mno, na ghali kutengeneza. Katikati ya miaka ya 1980 ikaja Model M, iliyotumia utando badala ya saketi ya kapasita ili kupunguza gharama. Hata baada ya gharama kupunguzwa, ilikuwa na bamba la chuma ndani na uzito wa zaidi ya kilo mbili.

Model M ndiyo pia iliyoueneza duniani mpangilio tulionao mezani mpaka leo. Kibodi ya kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ilikuwa na vitufe 83, na vile vya kazi maalumu, F1 hadi F10, vilikaa upande wa kushoto. Mpangilio mpya wa Marekani ulikuwa na vitufe 101: F1 hadi F12 vikapanda juu, mishale ikapata mahali pake, na namba zikabaki kulia. Kijana anayejifunza kompyuta Morogoro au Kisumu leo anaweka vidole vyake juu ya ramani hiyo hiyo.

Mji wa mashine za taipu

Nyingi za kibodi hizi zilitengenezwa Lexington, katika jimbo la Kentucky nchini Marekani. Mji huo ulikuwa na kiwanda cha IBM cha mashine za taipu, na humo ndimo ilimotengenezwa Selectric, taipureta ya umeme iliyotoka mwaka 1961 na kutawala ofisi za dunia kwa miongo miwili. Makatibu muhtasi waliokuwa wakihama kutoka kwenye taipureta kwenda kwenye kompyuta walikuwa na vidole vilivyofundishwa na Selectric. Walitaka kitufe kinachojibu. Wahandisi waliwasikiliza, na ndiyo maana tunazungumzia kibodi hizo hadi sasa. Kwa soko la Ulaya nyingine zilitengenezwa Greenock, mji wa bandari Uskoti, ambako kiwanda cha IBM kilikuwa kikubwa kiasi cha kupewa kituo chake cha treni.

Mwaka 1991 IBM iliuza shughuli zake za Lexington, ikazaliwa kampuni ya Lexmark. Mwaka 1996 Lexmark ikaachana na kibodi. Kwa kawaida habari ingeishia hapo: mashine zingeuzwa kama chuma chakavu na wafanyakazi wakatawanyika. Lakini kampuni ndogo iitwayo Unicomp ilinunua vifaa na haki za kutengeneza, na imeendelea kuzalisha kibodi za springi inayopinda huko huko Kentucky. Kwa hiyo fundi anayekarabati kibodi ya mwaka 1988 bado ana mahali pa kuagiza springi au kitufe kilichopotea. Ni vifaa vichache sana vya kompyuta vya umri huo vyenye bahati ya namna hiyo.

Mezani kwa fundi

Kazi yenyewe inahitaji utulivu. Nyuma ya kibodi kuna skrubu nne zilizozama ndani ya matundu, nazo zinafunguliwa kwa spana ya boksi nyembamba ya milimita 5.5. Spana nene haiingii. Kabla ya hapo vitufe vinang'olewa kimoja kimoja. Kwenye nyingi ya kibodi hizi kila kitufe ni vipande viwili, kifuniko chenye herufi na kiti kilicho chini yake, na plastiki yake ni ngumu isiyong'aa kwa kusuguliwa. Herufi hazikupakwa juu. Rangi iliingizwa kwa joto ndani ya plastiki, ndiyo maana E na A zilizobonyezwa kwa miaka 30 bado zinasomeka.

Chini ya vitufe ndipo aibu ilipo: nywele, makombo ya biskuti, vumbi lililoshikana na chai iliyomwagika serikali ya zamani ikiwa madarakani. Vitufe vinalowekwa kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya vyombo, vinasuguliwa, vinasuuzwa na kuachwa vikauke kabisa. Maji hujificha kati ya kifuniko na kiti. Mwenye haraka atarudisha unyevu ndani na kuua utando alioutunza.

Kazi kubwa zaidi ni ribiti. Bamba la chuma, utando na fremu yenye vibomba vimeshikwa pamoja na makumi ya vijiti vya plastiki ambavyo vichwa vyake viliyeyushwa kiwandani ili vikaze. Plastiki hiyo inakauka kadiri miaka inavyopita. Ribiti moja ikikatika hakuna anayeona. Zikikatika kumi, bamba linaanza kuachana na fremu, vitufe vinakosa nguvu na herufi nyingine zinagoma. Ukitikisa kibodi ya namna hiyo utasikia vichwa vya ribiti vikicheza ndani.

Dawa yake inajulikana. Fundi anakwangua vichwa vilivyobaki, anatenganisha tabaka zote, kisha anatoboa tundu jembamba mahali pa kila ribiti na kupitisha bolti ndogo ya milimita mbili yenye nati upande wa pili. Keekee ikiyumba kidogo inapasua ukuta wa kibomba, na kitufe hicho hakitakuwa sawa tena. Wakati wa kufunga, vinyundo vyote lazima vikae mkao mmoja. Kimoja kikilala vibaya, kazi nzima inafunguliwa upya. Kisha bolti zinakazwa kidogo kidogo kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa sababu bamba limepinda kidogo na linataka kuvutwa taratibu.

Mwisho ni waya. Kibodi za zamani zina plagi ya duara, na kompyuta nyingi za leo hazina tundu hilo. Panahitajika kigeuzi cha USB chenye chipu yake, maana viunganishi vitupu vya bei ya chini mara nyingi havifanyi kazi. Muuzaji makini anaweka kigeuzi hicho ndani ya boksi, baada ya kujaribu kila kitufe mbele ya skrini.

Kwa nini asitoe fedha tu?

Mtu anaweza kuuliza: ukihesabu saa zote hizo, si afadhali angetoa fedha mfukoni akaenda zake? Swali ni la haki, na jibu lake nimeliona kwenye viwanja vya makanisa yetu.

Baada ya ibada ya mavuno, katika sharika na parokia nyingi za Tanzania, mnadishaji husimama nje akiwa na kuku, mkungu wa ndizi au kibuyu cha maziwa alichokileta mama asiye na noti ya kutoa. Bei inapanda, inapita ya sokoni, na anayenunua anajua fika analipa zaidi. Wakati mwingine anamrudisha kuku mezani anadiwe tena. Mama yule ametoa alichonacho, mnunuzi ametoa alichonacho, na kanisa limepata kuliko ambavyo kila mmoja angeweza kutoa peke yake. Kutoa ni moyo, si utajiri.

Kibodi iliyokarabatiwa inafanya kazi hiyo hiyo. Mwanafunzi au mstaafu mwenye pensheni ndogo hana dola 100 za kutoa, lakini ana jioni zake na ana mikono. Mnunuzi pengine asingechangia hospitali hiyo kamwe, ila kibodi ameitaka, na akijua fedha inakokwenda anaongeza dau. Mhitaji anapata, na kifaa kizuri kinaepushwa na shimo la taka. Hundi ya mfukoni isingeleta yote hayo.

Soko lenyewe limejipanga kuwezesha jambo hili. eBay, mnada wa mtandaoni ulioanzishwa na Pierre Omidyar mwaka 1995, una utaratibu unaomruhusu muuzaji kutaja taasisi ya hisani na sehemu ya mauzo itakayokwenda huko, kuanzia asilimia 10 hadi 100. Uingereza nayo ina utamaduni mkongwe wa maduka ya hisani. Oxfam, shirika lililoanza mwaka 1942, lilifungua duka lake mtaa wa Broad, mjini Oxford, mwishoni mwa miaka ya 1940, na hadi leo maduka ya aina hiyo yanauza vitabu, nguo na vyombo vilivyotolewa bure na wananchi.

Minada mikubwa na swali lake

Jambo hili linafika mbali kuliko kibodi. Agosti 2016 kompyuta ya Apple-1, mashine ya kwanza kabisa ya kampuni ya Apple, iliuzwa kwa dola 815,000 kupitia mnada wa hisani wa Charitybuzz, na asilimia 10 ya fedha hizo ilielekezwa kwenye mapambano dhidi ya saratani ya damu. Septemba 2024 nyumba ya mnada ya Christie's iliuza mkusanyiko wa Paul Allen, mmoja wa waasisi wawili wa Microsoft aliyefariki mwaka 2018, na mapato yakapangiwa shughuli za hisani kama alivyotaka mwenyewe. Apple-1 iliyowahi kukaa ofisini kwa Steve Jobs ilifika dola 945,000.

Hata hivyo, mauzo hayo ya Allen yaliacha simanzi. Baadhi ya mashine zilitoka kwenye jumba lake la makumbusho mjini Seattle, ambalo sifa yake kuu ilikuwa kompyuta za kale zilizokarabatiwa mpaka zikafanya kazi. Mgeni aliruhusiwa kukaa na kuzitumia. Jumba hilo lilifungwa mwaka 2020 wakati wa janga la korona na halikufunguliwa tena. Mashine zilipokwenda mnadani, umma ulipoteza mlango wa kuzifikia.

Msimamo wangu katika hili ni huu. Jina la hisani halitoshi kuhalalisha kila uuzaji. Kitu adimu ambacho jamii nzima inajifunza kwacho kina haki ya kubaki mahali pa wote. Lakini Model M zilitengenezwa kwa mamilioni. Kila moja inayotoka stooni na kuingia mikononi mwa mtu atakayeitumia ni faida, na fedha yake ikienda kwa mtoto mgonjwa, faida imekuwa mara mbili.

Ukweli ndani ya tangazo

Kitu kimoja cha mwanzo kuuzwa kwenye mnada wa Omidyar kilikuwa kielekezi cha leza kibovu, kwa dola 14.83. Mnunuzi alijua ni kibovu, na hicho ndicho alichokuwa anakitafuta. Biashara ya vitu vya kale inasimama juu ya msingi huo: sema kilivyo, na mwenye kukitaka atakuja.

Sadaka haipunguzi wajibu huo, inauongeza. Kama kibodi ina ufa pembeni, upigwe picha ufa huo. Kama kitufe kimoja kimetoka kwenye kibodi nyingine, isemwe. Kama ribiti hazijabadilishwa kuwa bolti, mnunuzi aambiwe kwamba siku moja zitakatika. Hata weupe una maswali yake. Plastiki za kompyuta nyingi za zamani, hasa za Apple, huwa za manjano kwa kupigwa na mwanga, na tangu mwaka 2008 wakusanyaji wamekuwa wakizipaka mchanganyiko wa hidrojeni peroksaidi ili zirudie rangi yake. Zinapendeza, lakini umanjano unaweza kurudi, na kazi ikifanywa vibaya plastiki inabaki na madoa. Mnunuzi ana haki ya kuambiwa kwamba rangi anayoiona imerudishwa kwa dawa.

Upande wa fedha nao unataka uwazi ule ule. Taasisi itajwe kwa jina lake kamili la usajili, wala si "watoto yatima" tu. Isemwe kama ni mapato yote au ni yanayobaki baada ya gharama za bolti, kigeuzi na usafirishaji. Na mnunuzi aonyeshwe risiti ya taasisi, yenye kiasi na tarehe. Anayetoa kwa moyo safi hana sababu ya kuona haya kuonyesha risiti.

Kisafiri kitu au fedha?

Sasa turudi kwetu. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na ni asilimia 22.3 tu iliyokusanywa na kurejelezwa kwa njia rasmi zinazoeleweka. Barani Afrika kiwango hicho hakifiki asilimia moja. Maana yake ni kwamba kifaa kikifa mikononi mwetu, kwa kawaida hakina pa kwenda isipokuwa jalala, moto au mikono ya vijana wanaochoma waya ili wapate shaba. Dunia iliyaona hayo Agbogbloshie, jijini Accra, kwa miaka mingi.

Sheria za kimataifa zimejaribu kuziba mwanya. Mkataba wa Basel ulipitishwa mwaka 1989 kudhibiti usafirishaji wa taka hatari, na nchi za Afrika zikaongeza wa kwao, Mkataba wa Bamako, mwaka 1991. Tangu Januari 1, 2025, marekebisho ya Basel yanataka taka za kielektroniki zote, ziwe hatari au la, zisivushwe mpaka bila ridhaa ya nchi inayopokea. Hata hivyo, mwanya mmoja ni mgumu kuzibwa kwa sheria, nao ni huruma. Kifaa kilichokufa kikiandikwa "msaada kwa shule", nani ana moyo wa kukikataa?

Nisieleweke vibaya. Wapo waliofanya kazi hii kwa heshima kubwa. Shirika la Uingereza la Computer Aid International lilijenga jina kwa kupeleka kompyuta zilizokaguliwa na kutengenezwa, na Computers for Schools Kenya, lililoanza mwaka 2002, limeweka mashine shuleni likiwa na mafundi wa kuzihudumia na mpango wa kuzichukua zikichakaa. Kompyuta ya namna hiyo ni msaada wa kweli.

Kibodi ya mwaka 1989 yenye plagi ya duara ni habari nyingine. Ukiipeleka shule ya sekondari Singida, ni mzigo. Mwalimu hana kigeuzi, hana springi za akiba, na mwanafunzi anahitaji kitu kinachoingia kwenye USB leo asubuhi. Kibodi hiyo hiyo ikibaki Manchester au Chicago, ikapata fundi na mnunuzi, inaweza kuwa fedha ya kutosha kununua kibodi mpya kadhaa za kawaida pamoja na vipanya vyake dukani Kariakoo, Dar es Salaam, au mtaa wa Luthuli, Nairobi. Muuza duka wa hapa anapata riziki, fundi wa hapa anapata kazi ya kuzifunga, na shule inapata vifaa vyenye dhamana. Bandarini haukupita mzigo wowote.

Huo ndio msaada ninaoutetea. Anayetaka kutusaidia aanze kwa kuuliza kitu chake kina thamani wapi. Kama ni huku, akilete kikiwa kizima. Kama ni kule, akiuze kule na atume fedha.

Na stoo zetu je?

Hatupaswi kungoja wengine tu. Mwaka 1974 Tanzania ilizuia uingizaji wa kompyuta isipokuwa kwa kibali maalumu, na kwa muda mrefu mashine zilikuwa chache. Mlango ulipofunguka, ofisi za serikali, mabenki, vyuo na mashirika ya dini vilinunua, na baadhi ya vilivyonunuliwa miaka ile bado vimelala chini ya mafaili. Anayesimamia stoo ya aina hiyo ageuze kibodi kabla ya kuiita takataka. Akiona jina Model M na tarehe, ajue ameshika kitu ambacho mtu fulani anakitafuta. Kama ni mali ya umma, taratibu za kuondosha mali chakavu zifuatwe bila mkato, kwa maandishi na kwa mnada wa wazi.

Ustadi tunao. Fundi wa mtaani anayefufua simu iliyozama kwenye ndoo ya maji hashindwi na bolti za milimita mbili. Anachokosa ni habari kwamba soko lipo, na mtu wa kumsaidia kuandika tangazo na kulipia posta, maana kilo mbili si barua. Vyuo vya ufundi vinaweza kulifanya somo: wanafunzi wakarabati, chuo kiuze, fedha ilipie ada ya mwenzao aliyekwama. Watajifunza umeme, subira na uaminifu kwa pamoja.

Kanuni haiishii kwenye kibodi. Cherehani za Singer za bibi zetu, redio za transista na kamera za filamu vyote vina wapenzi wanaolipa. Santuri za muziki wa dansi wa miaka ya 1960 na 1970 zinatafutwa mno na wakusanyaji wa Ulaya, na hizo ningesihi zirekodiwe na nakala zibaki hapa kabla ya kuuzwa, kwa sababu wimbo uliorekodiwa Nairobi au Dar es Salaam ni mali ya kumbukumbu zetu. Palipo na nakala iliyohifadhiwa, sahani yenyewe inaweza kwenda ikasomesha mtoto.

Kwa hiyo mwenye kitu cha zamani na nia njema naye afanye kazi kamili. Akitengeneze mpaka kifanye kazi kweli, aeleze kasoro zake zote, achague taasisi iliyosajiliwa na kuitaja, auze kwa anayekithamini, kisha aonyeshe risiti. Mhitaji wa Temeke au Kibera hana haja ya kujua kwamba ada yake imetoka kwenye springi za Kentucky. Ana haja ya ada hiyo kufika kamili, kwa wakati, na kwa jina lake. Tukilisimamia hilo, kila stoo yenye vumbi, iwe ya kwao au ya kwetu, ni akiba inayongoja fundi.